Bei ya Muda: Jinsi Kijana wa Nakuru Anavyoweza Kuyamaliza Madeni na Kujenga Akiba

Mapato ya vijana wengi wa Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa huja kwa vipindi visivyolingana, ilhali mahitaji yao ni ya kila siku. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hungoja mwisho wa mwezi, mwendesha bodaboda wa mjini huhesabu pato lake kila jioni, mkulima wa viazi wa Molo au Kuresoi hukaa miezi kadhaa kabla ya kuvuna, na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro huweza kumaliza masomo akiwa na deni kabla hajapata kazi. Pengo lililopo kati ya siku ya kula na siku ya kulipwa ndilo huzaa mikopo mingi ya vijana, na kwa sababu hiyo kukopa si dalili ya uzembe. Jambo linaloamua kama mkopo utamsaidia kijana au utamfilisi ni bei yake, na bei hiyo haiwezi kujulikana mpaka ipimwe kwa muda.

Nchini Kenya mkopo wa muda mfupi umekuwa rahisi kupatikana tangu simu ya mkononi igeuke pochi. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari ikafuata Novemba 2012 kwa ushirikiano wa Safaricom na benki ambayo leo ni NCBA, kisha ikaja KCB M-Pesa mwaka 2015, na Januari 2019 ikazinduliwa Fuliza. Fuliza ni ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia fedha zaidi ya zilizomo katika akaunti, na deni lake hukatwa lenyewe mara tu fedha zinapoingia. Kwa mkopaji, maana ya utaratibu huo ni kwamba fedha alizotumiwa kwa ajili ya kodi ya nyumba au karo zinaweza kupungua kabla hajazigusa, naye akalazimika kukopa tena ili kuziba upungufu ulioletwa na malipo ya mkopo uliotangulia.

Hesabu moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. M-Shwari ilipoanzishwa, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru wa serikali. Aliyekopa shilingi 5,000 kwa ada hiyo alilipa shilingi 375, kiasi ambacho wengi hukiona kidogo. Lakini mtu akilipa mwisho wa kila mwezi na kukopa upya siku hiyo hiyo kwa mwaka mzima, ada zake hufika shilingi 4,500, na baada ya miezi 12 bado anadaiwa zile 5,000 alizoanza nazo. Chama cha ushirika wa akiba na mikopo, kinachojulikana zaidi kwa jina la Sacco, mara nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio, yaani kwa sehemu ya deni ambayo bado haijalipwa. Mwanachama aliyekopa 5,000 na kulirejesha deni hilo kwa mafungu 12 yaliyo sawa, pamoja na riba ya kila mwezi, hulipa riba ya shilingi 325 tu kwa mwaka, na hata kama angebaki na deni zima muda wote huo, riba yake isingezidi 600.

Mkopo wa siku chache si lazima uwe ghali. Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14 wa kulipa, hivi kwamba riba ya shilingi 1,000 kwa muda huo ni takriban shilingi 3, huku asilimia 5 ya mkopo ikiwekwa kama akiba ya mkopaji. Upungufu wake ni kwamba kiwango cha kuanzia ni kidogo, nao wengi wanaokosa kutosheka hapo hurudi kwenye programu za simu au kwa wakopeshaji wa mitaani waitwao mashailoki, ambao baadhi yao hushika kitambulisho au kadi ya benki ya mkopaji kama dhamana.

Hatua ya kwanza ya kutoka katika mzunguko huu ni kuyaandika madeni yote mahali pamoja, pasipo kuacha hata lile la dukani lililo katika daftari la muuzaji. Kila deni liandikwe pamoja na mambo manne: kiasi kilichobaki, gharama yake kwa mwezi, tarehe ya kulipa na adhabu ya kuchelewa. Baada ya hapo mkopaji ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kulipa kiwango cha chini kinachotakiwa katika kila deni, kisha kuelekeza kila shilingi ya ziada kwenye deni lililo ghali kuliko yote, na hii ndiyo huokoa fedha nyingi zaidi. Njia ya pili ni kuanza na deni dogo kuliko yote ili limalizike upesi na kumpa mlipaji moyo wa kuendelea. Mwenye mikopo ya simu inamfaa kufuata njia ya kwanza, kwa kuwa tofauti ya gharama kati ya madeni yake ni kubwa mno kupuuzwa.

Mkopo wa elimu ya juu unahitaji uangalifu wa pekee katika mpangilio huo. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza wanafunzi wa shahada ya kwanza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kwa kipimo cha riba peke yake deni lake lingekuwa la mwisho kulipwa. Hata hivyo, mhitimu anayeacha kulipa wakati wake unapofika hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi anaochelewa, na faini hiyo yaweza kuzidi riba ya mwaka mzima ndani ya miezi michache. Mhitimu ambaye hajapata kazi anashauriwa kuijulisha bodi hali yake mapema na kuomba utaratibu unaomfaa, kwa maana ukimya ndio humfanya aliyekosa uwezo aonekane sawa na aliyekataa kulipa.

Sheria za Kenya zimemwekea mkopaji kinga ambazo vijana wengi hawazitumii kwa kutozijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili, ili mfanyakazi abaki na theluthi moja ya kuishi. Kwa mikopo ya benki iliyoshindwa kulipwa, sheria ya benki inaweka kikomo cha riba inayoweza kuongezwa, isizidi salio la msingi lililokuwepo deni lilipoharibika. Kanuni za mwaka 2022 zinazowahusu watoa mikopo wa kidijitali zinawataka wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, tena zinawakataza kumtishia mdaiwa au kuwapigia simu watu waliomo katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Kuhusu ofisi za taarifa za mikopo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, kila raia ana haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka na kudai makosa yaliyomo yasahihishwe.

Madeni ghali yakishapungua, kinachozuia yasirudi ni akiba, na bonde hili lina urithi mkubwa wa kuweka akiba kwa pamoja. Cosmopolitan Sacco ya Nakuru ilianza kama Sacco ya walimu, sawa na Boresha ya Eldama Ravine iliyotokana na walimu wa Baringo, na leo zote mbili zinawapokea wanachama wa kazi nyingine. Kwa kawaida mwanachama aliyeweka akiba kwa miezi kadhaa huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake kwa udhamini wa wenzake. Mwenye akiba ya shilingi 3,000 anaweza hivyo kupata 9,000 za kufuta mikopo ya simu na kubaki na deni moja la bei nafuu, mradi asikope tena kwa simu, la sivyo atakuwa ameongeza deni juu ya deni. Mdhamini naye akumbuke kwamba akiba yake hushikiliwa mpaka mkopo uishe, na kabla ya kujiunga ni vyema kuhakikisha kwamba Sacco inayopokea amana ina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia vyama hivyo.

Akiba hiyo ifuate mwendo wa mapato. Mwendesha bodaboda atenge kiasi kidogo kila jioni kabla ya kufika nyumbani, mfanyakazi wa maua aiagize benki au Sacco ikate fungu lake siku ya mshahara, naye mkulima wa Molo agawe fedha za mavuno kwa idadi ya miezi iliyobaki kabla ya msimu ujao, akilipia kwanza pembejeo na karo. Shabaha ya mwanzo iwe kuwa na matumizi ya mwezi mmoja yaliyohifadhiwa kando kwa ajili ya ugonjwa, pancha au mvua iliyochelewa, kwa kuwa dharura ndogo kama hizo ndizo humrudisha mtu kwa mkopeshaji. Michezo ya kamari isihesabiwe kuwa njia ya kulipa deni, kwani hakuna mpango wa fedha unaoweza kujengwa juu ya bahati.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, lakini kulipa kunahitaji utaratibu. Kijana yeyote wa Nakuru, Gilgil, Njoro au Naivasha anayesoma makala hii na achukue karatasi leo, aandike kila anachodaiwa na gharama yake kwa mwezi, alianzie lililo ghali, na asikubali mkopo mwingine wowote kabla ya kuuliza utamgharimu kiasi gani iwapo utakaa mwaka mzima.