Dawa Mchezoni: Ukiwahi Hasara, Ukichelewa Kilio

Ikiwa nyumbani kwako mna kijana anayependa michezo ya video, bila shaka umewahi kumsikia akipiga ukemi mbele ya runinga: "Nimekufa!" Usishtuke. Keti naye kidogo, umuulize swali moja tu: je, dawa aliinywa?

Hebu tuutazame mchezo wa The Legend of Zelda, uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka wa 1986. Humo kijana Link huzunguka nyikani na mapangoni ili amwokoe binti mfalme Zelda kutoka mikononi mwa Ganon. Uhai wake huhesabiwa kwa mioyo. Huanza na 3, na hata ajitahidi vipi hapati zaidi ya 16.

Dawa huuzwa na bibi kizee akaaye pangoni. Lakini usidhani utaingia tu na kununua. Sharti kwanza upewe barua na mzee mmoja, ukamwonyeshe bibi huyo. Dawa ya buluu ni rupia 40, nayo hunywewa mara moja. Nyekundu ni rupia 68, nayo hunywewa mara mbili. Ukishainywa mara ya kwanza hugeuka ya buluu. Piga hesabu kama uko sokoni: za buluu mbili ni rupia 80. Anayenunua nyekundu ameokoa rupia 12!

Utata uko kwenye wakati wa kunywa. Dawa hujaza mioyo yote, uwe umepoteza mmoja au kumi. Tena mioyo ikijaa, upanga wa Link hurusha miale inayompiga adui kutoka mbali. Basi mwenye pupa, akikwaruzwa tu, hunywa. Akimfikia adui mkubwa, chupa ni tupu.

Mwenzake ni bahili. Huibana dawa hadi Link anakufa nayo mkobani. Kweli, anaweza kuendelea na mchezo, na dawa bado anayo. Lakini huanza tena na mioyo 3 tu, na kama alikuwa ndani ya ngome hurudishwa mlangoni. Akiba haiozi, lakini haikumfaa.

Ufanyeje basi? Kabla ya kumkabili adui mkubwa, fungua mkoba uiweke dawa kwenye kitufe cha B. Wakati huo maadui husimama, kwa hivyo usipapatike. Kisha chunguza pigo la adui. Ikiwa kila pigo lake huondoa mioyo 2, usingoje ubaki na 2. Kunywa ukiwa na 3.

Mzazi, usiuone huu kuwa upuzi. Kijana anayejifunza kutoimaliza akiba kwa mkwaruzo, wala kuibana hadi aangamie, anajifunza jambo linalotushinda sisi wenye mishahara kila mwisho wa mwezi.