Mteremko wa Mweka na Maumivu ya Siku ya Pili

Kila unapokaribia mwisho wa mwezi wa Februari, vilabu vya mbio vya Dar es Salaam, ambavyo mwaka mzima hukutana alfajiri katika barabara tambarare za pwani, hukodi mabasi na kusafiri takriban kilomita 550 kwenda Moshi, kushiriki mbio za Kilimanjaro Marathon zilizoanzishwa mwaka 2003. Jumamosi yao huishia katika kuchukua namba, kulinganisha viatu, kula na kulala mapema. Na Jumapili, kabla jua halijapata makali, maelfu ya watu, wazee kwa vijana, hutoka katika Chuo Kikuu cha Ushirika, wakaupita mji, kisha wakaishika barabara ya Mweka, ambayo hupanda polepole katikati ya migomba na mibuni kama kwamba haina nia ya kukoma. Ni safari njema, nami sijui jambo lililowafaa watu wazima wa mijini katika miaka ya karibuni kuliko desturi hii ya kukimbia kwa jamaa. Kwa sababu hiyo husikitika nionapo wengi wao wakirejea na taabu ambayo elimu ndogo tu ingaliweza kuipunguza.

Mtu wa pwani aendaye Moshi huogopa kupanda, na hofu hiyo si ya bure. Katika kupanda, mwili hujiinua wenyewe kwa kila hatua. Moyo hupiga upesi, pumzi hukatika, na hewa ya mji ule, ingawa uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni nyepesi kidogo kuliko ile ya ufukwe wa Coco Beach wa Dar es Salaam. Walakini kupanda kuna insafu moja: humwonya mtu papo hapo. Azidishaye mwendo huadhibiwa na kifua chake kabla hajafika mbali, akapunguza hatua au akatembea, na dakika chache baadaye hujiona mzima tena. Kushuka hakuna onyo la namna hiyo.

Mwaka 2002 mtaalamu wa Kiitalia, Alberto Minetti, pamoja na wenzake, waliwapima wakimbiaji wa milimani juu ya mashine ya kukimbilia iliyoinamishwa kwa viwango mbalimbali, wakaona kwamba katika mteremko wa kiasi cha mita 20 kwa kila mita 100, mkimbiaji hutumia takriban nusu ya nguvu ambazo angezitumia kwa masafa yale yale mahali pa tambarare. Basi si ajabu kwamba mtu aliyegeuka kule juu, akaiona njia yote ya kurudi mjini imeinama mbele yake, hujihisi amefunguliwa. Pumzi zinarudi, saa ya mkononi inamsifu, naye huachia miguu. Ni katika saa hiyo ya raha, wala si katika ile ya mashaka iliyotangulia, ndipo mapaja yake hupata madhara atakayoyasikia kesho na kesho kutwa, ashindwe kushuka ngazi za nyumba yake ila kwa kushika ukuta.

Ukimwuliza mwanachama wa klabu sababu ya maumivu hayo, aghalabu atakujibu kwamba ni asidi iliyoganda misulini, na kwamba sharti ikamuliwe. Dhana hii ina asili ya heshima. Mjerumani Otto Meyerhof na Mwingereza Archibald Hill, waliogawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, walichunguza kwa makini jinsi msuli utoavyo joto na jinsi asidi ya laktiki inavyozalika ndani yake wakati wa kazi, na kutoka hapo rai ikaenea duniani kwamba asidi hiyo ndiyo mama wa kila uchovu na kila uchungu. Lakini asidi hiyo, iitwayo pia laktati, hurudi katika kiwango chake cha kawaida muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Iweje basi imwumize mtu siku ya pili, wakati imekwisha kuondoka? Miaka 20 kabla ya tuzo ile, Theodore Hough wa Boston, katika majaribio ya kuchosha vidole kwa mashine, alikwisha kupambanua uchovu upitao upesi na uchungu ujao baadaye, akasema huu wa pili watokana na michaniko ndani ya msuli. Neno lake halikusikilizwa sana.

Ithibati iliyo wazi kuliko zote, kwa maoni yangu, ilitoka Marekani mwaka 1983. Wanaume saba walikimbizwa dakika 45 juu ya mashine iliyo sawa, na siku nyingine dakika 45 juu ya mashine iliyoinama kwenda chini mita 10 kwa kila mita 100, huku damu yao ikipimwa. Walipokimbia tambarare laktati ilipanda, na maumivu hayakuja. Walipokimbia mteremkoni laktati haikupanda, na maumivu yakaja kwa ukali katika siku zilizofuata. Jaribio dogo, la watu wachache, lakini limepangwa kwa hikima kiasi kwamba sioni njia ya kuitetea ile hadithi ya asidi baada yake.

Yatupasa basi kuutazama msuli wenyewe. Mtu ashushapo ndoo iliyojaa kwa kamba ndani ya kisima, mikono yake inajikaza, ilhali mzigo unamshinda kidogo kidogo na viungo vinanyooka. Msuli unafanya kazi huku unarefushwa. Hiyo ndiyo kazi ya msuli mkubwa wa mbele ya paja katika kushuka mlima. Kila mguu ugusapo ardhi hupokea uzito uliozidi ule wa mwili mara mbili, tatu, au zaidi, na goti lingekunjika na mtu kuanguka lau msuli huo usingalizuia, nao huzuia kwa kujikaza katika hali ya kuvutwa. Fauka ya hayo, katika kazi ya namna hii mwili huita nyuzi chache za msuli kuliko katika kupanda, hata kila uzi ukabeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo.

Ndani ya uzi mmoja mmoja zimo chembe ndogo zilizopangwa mfuatano, ziitwazo sakomea, na ndani ya kila sakomea nyuzi za aktini na myosini zimeingiana na kushikana. Zivutwapo kwa nguvu, zile zilizo dhaifu hunyooshwa kupita kiasi mpaka mshikano wao unaachana. Utando wa nje hupata nyufa, chumvi ya kalisi huingia mahali isipotakiwa na kuamsha vimeng'enya vinavyomong'onyoa protini zilizoharibika. Baada ya saa kadhaa chembe nyeupe za damu huwasili kusafisha mahali pale, maji hukusanyika, na mishipa ya fahamu huwa myepesi wa kuumia. Kwa kuwa shughuli hii yahitaji muda, mkimbiaji huvuka mstari wa mwisho akitabasamu, kisha uchungu ukafikia kilele chake kati ya saa 24 na saa 72. Nguvu, hata hivyo, zimekwisha kupungua tangu pale pale barabarani, na zaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kurejea, hata baada ya uchungu kutoweka.

Hata mabingwa hawakusalimika na hesabu hii. Mbio za marathoni za Boston, Marekani, huanza kwa kuteremka, na vilima vya Newton huja mbele, miguu ikiwa imekwisha kutumika. Juma Ikangaa, fahari ya Tanzania, aliyemaliza wa pili huko mara tatu mfululizo, mwaka 1988, 1989 na 1990, aliongoza kwa kasi kubwa katika mteremko wa mwanzo wa mwaka huo wa mwisho, na Mwitalia Gelindo Bordin akampita vilimani.

Sasa lije lile jambo ambalo kwalo nimeandika haya yote. Msuli ulioumizwa na mteremko mara moja hujijenga upya kwa namna ambayo mteremko wa pili hauuumizi kiasi kile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Haipatikani kwa kukimbia tambarare, hata kama mtu atakimbia kutoka Coco Beach hadi daraja la Tanzanite kila siku. Hupatikana kwa kushuka tu. Kwa hiyo klabu itakayokwenda Moshi ingefaa ianze katikati ya Januari kuwapeleka watu wake vilima vya Pugu na Kisarawe, waanze na miteremko mifupi kwa mwendo wa wastani, wakubali maumivu madogo ya mara ya kwanza, waongeze kidogo kidogo, na kushuka kwa nguvu kukomee siku kama 14 kabla ya mbio. Asiye na kilima anazo ngazi za ghorofa, na azishuke kwa miguu baada ya kupanda. Siku yenyewe, kule Mweka, hatua ziwe fupi na za haraka, mwili usiegemee nyuma, na kisigino kisitumike kama breki.

Kuhusu maji, kunywa kwafaa kufuate kiu. Katika Boston mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikutwa na chumvi ya sodiamu iliyoshuka kupita kiasi, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa mno, wengi wao wakiwa wa mwendo wa polepole, kama walivyo wengi wetu.

Na wale wamezao ibuprofeni au diklofenaki asubuhi ya mbio ili wasisikie maumivu, nawasihi waache. Dawa hizo hupunguza damu iendayo kwenye figo, katika saa ile ile ambayo figo zimepungukiwa maji na zinapokea mabaki ya misuli iliyochanika. Akiona mtu, Jumatatu akiwa safarini au Jumanne akiwa kazini, kwamba mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi au ya kola, au mapaja yamevimba na nguvu zimemwishia kuliko wenzake, hayo si maumivu ya kawaida ya kukandwa na kungojwa yapite; aende hospitali siku hiyo hiyo, amweleze tabibu kwamba amekimbia mlimani, na ataje kila dawa aliyomeza.