Postikadi ya Camden Town

Mwaka 1907, Camden Town ya kaskazini mwa London iliishi kwa saa za treni. Vituo vya Euston, St Pancras na King's Cross havikuwa mbali, na nyumba zilipangishwa chumba kimoja kimoja. Mwanamume na mwanamke wakijitambulisha kuwa mke na mume, mwenye nyumba alipokea kodi, yakaisha.

Bertram Shaw alikuwa mpishi wa treni za usiku. Emily Dimmock, aliyeishi naye St Paul's Road, nyumbani alikuwa Bi. Shaw; kwenye baa ya Rising Sun aliitwa Phyllis. Shaw akishakwenda kazini, Phyllis alitafuta wateja wake huko. Asubuhi ya Septemba 12 Shaw alirudi, akamkuta kitandani amekatwa koo.

Mchoraji Walter Sickert, mkazi wa mitaa hiyo, alichora picha kadhaa zilizohusishwa na mauaji hayo: mwanamke kitandani, mwanamume kando yake. Mojawapo ina jina jingine linalouliza kodi italipwaje. Sickert aliielewa Camden Town kuliko waandishi wengi wa magazeti.

Enzi hiyo ya Mfalme Edward wa Saba, Waingereza walipenda postikadi kama tunavyopenda ujumbe wa simu. Stempu ya nusu peni ilitosha, na London iligawiwa barua mara kadhaa kwa siku, hivyo miadi ya jioni iliweza kupangwa asubuhi. Baada ya mauaji, Shaw alikuta postikadi moja kwenye droo: mwaliko kwa Phyllis, na badala ya jina la baa, mchoro wa jua linalochomoza lenye uso wa mtu. Magazeti yaliichapisha. Ruby Young akaujua mwandiko wa mpenzi wake, Robert Wood, msanii wa kiwanda cha vioo, ambaye alikuwa amemwomba aseme walikuwa pamoja jioni ya mauaji.

Wood alishtakiwa kwa mauaji hayo. Alitetewa na wakili Edward Marshall Hall, na akapanda kizimbani kujieleza mwenyewe, haki ambayo washtakiwa walikuwa wameipata mwaka 1898 tu. Baraza la wazee wa mahakama halikumaliza hata nusu saa: hana hatia. Umati uliokuwa nje ulishangilia.

Ruby, aliyekuwa ametoa ushahidi dhidi ya Wood, ilibidi atoroshwe akiwa amevalishwa kama mfagizi. Kijana mpole mwenye ajira, aliyekwenda baa kwa kificho, alihurumiwa. Hasira ikamwangukia mwanamke aliyekataa kumkingia kifua. Hakuna mwingine aliyepelekwa mahakamani kwa kifo cha Emily.