Daktari akikuuliza habari za ukoo wenu, mjibu

KILA dirisha la usajili picha ni ileile. Straika mpya amelala kitandani kifua wazi, nyaya zimebandikwa kila kona, dole gumba juu. Klabu inaitupia mtandaoni, mashabiki wanashangilia: mwamba amefaulu vipimo!

Kuna sehemu ya vipimo hivyo ambayo haipigwi picha. Ni karatasi tu. Inauliza kama kuna ndugu yako aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama baba, mama au mtu wa tumbo moja na wewe ana ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu. Niliwahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo cha timu moja ya madaraja ya chini, jina naliacha, nikaona inavyojazwa. Wa kwanza aliandika "hapana" kuanzia juu mpaka chini. Wa pili akachungulia kwa mwenzake. Wa tatu akanakili. Dakika mbili tu wameshatoka, wanaulizia jezi.

Tuwaelewe. Nani anataka kumpa daktari sababu ya kumkata? Na wengine kweli hawajui. Misibani kwetu utasikia "alilalamika kichwa jioni, asubuhi hatunaye", mwingine ananong'ona kwamba katupiwa kitu, basi, hadithi inaishia hapo. Hakuna anayeuliza kama na shangazi yake aliondoka vilevile.

MOYO TUNAUPIMA, MISHIPA JE?

Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja wa Gerland, Lyon, dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Hakuinuka tena. Ilikutwa misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa. Miaka mitatu baadaye, kuelekea Kombe la Dunia la Ujerumani, FIFA ikaweka utaratibu wa kuwapima wachezaji, na moyo ukapewa kipaumbele.

Hilo limesaidia sana. Lakini nyaya za kifuani zinausikiliza moyo. Hazikuambii lolote kuhusu mshipa ulio nyuma ya jicho lako.

Wakubwa wanaukumbuka mpira wa ngozi wa zamani. Uzi ukikatika mahali pamoja, bladda inaanza kuchungulia, kinundu kinatokeza. Mnaendelea kucheza, hauvuji upepo, lakini kila mtu anajua pale ndipo utakapopasukia. Mshipa wa damu nao unaweza kufanya hivyo ukuta wake ukiwa dhaifu. Madaktari wanakiita kinundu hicho anurizimu. Karibu watu 3 katika kila 100 wanacho kichwani bila kujua, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine kabisa. Kwa hiyo tusitishane.

Ila kuna watu ambao ngozi yao ya mpira, tuseme hivyo, ilishonwa kwa uzi mbovu tangu tumboni. Hao ndio wanaohusika leo.

MDOGO WAKE ALIPONA

Flo Hyman alikuwa mchezaji wa voliboli wa Marekani, dada wa mita 1.96, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Januari 24, 1986, akichezea klabu ya Japan katika mji wa Matsue, alitolewa kwa mabadiliko, akakaa kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Mwanzoni ilidhaniwa ni moyo. Familia ikataka mwili uchunguzwe upya nyumbani, ndipo ikaonekana kwamba ni aota, mshipa mkuu utokao kwenye moyo, ndio uliochanika. Alikuwa na ugonjwa wa Marfan, unaolegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa sikia. Baada ya hapo ndugu yake wa kiume akapimwa. Naye alikuwa nao, na aota yake ilishaanza kutanuka. Akafanyiwa upasuaji.

Marfan shida yake kubwa iko kwenye aota. Una ndugu yake mwingine, uliotambuliwa na madaktari Bart Loeys na Hal Dietz mwaka 2005 na unaoitwa kwa majina yao, Loeys-Dietz. Huu ni mkali zaidi. Mishipa hujipindapinda kama waya wa simu ya mezani, na vinundu haviishii kifuani: vinaweza kuota shingoni, tumboni na kichwani. Ndiyo maana mgonjwa wake hapigwi picha ya kifua peke yake. Anapigwa ya mishipa yote kuanzia kichwani hadi nyonga, na baada ya muda anarudi kupigwa tena, maana ambacho hakikuwepo mwaka jana kinaweza kuwepo mwaka huu.

Mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake anarushiwa shilingi kama refa anavyofanya kabla ya mechi: nusu kwa nusu. Lakini wagonjwa wengi wa Loeys-Dietz ndio wa kwanza katika familia zao, hitilafu imeanzia kwao. Hapo karatasi ya ukoo haisaidii, daktari lazima amtazame mtu mwenyewe. Amwambie apanue mdomo: wengine kidakatonge chao kimegawanyika mara mbili. Macho yamekaa mbalimbali, vidole virefu, kifua kimebonyea au kimechomoza, viungo vinapinda kuliko kawaida. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu, la sivyo nusu ya makipa wetu wangekuwa wodini. Zikikusanyika, apelekwe mbele.

KIKIPASUKA

Kinundu cha kichwani kikipasuka, maumivu hayaji polepole. Kichwa kinapiga ghafla, kwa sekunde, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani. Shingo inakakamaa, anatapika, mwanga unamuumiza, kope inaweza kudondoka, wengine wanazimia. Hapo si pa kumpa panadoli akalale. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Sir Alex Ferguson alivuja damu kwenye ubongo Mei 5, 2018, akapasuliwa siku hiyohiyo katika hospitali ya Salford. Alisimulia baadaye kwamba siku ile waliopelekwa pale na tatizo hilo walikuwa watano, na watatu walikufa. Septemba mwaka huohuo alirudi kukaa jukwaani Old Trafford. Kipa wake wa zamani, Edwin van der Sar, naye alivuja damu Julai 2023 akiwa mapumzikoni Croatia, akapona. Siwataji hawa kwa ajili ya ukoo, nawataja kwa ajili ya haraka.

Kikionekana kabla hakijapasuka, kuna njia. Wapo wanaofunguliwa fuvu, shingo ya kinundu ikabanwa kwa klipu. Wapo wanaopitishiwa mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kinenani hadi kichwani, kinundu kikajazwa waya laini wa platinamu. Kingine huachwa na kuangaliwa, mgonjwa akishusha presha kwa dawa na kuachana na sigara.

NA MPIRA?

Hili ndilo swali wachezaji wanaloliogopa. Isaiah Austin, mrefu wa kikapu kutoka chuo cha Baylor, aliambiwa ana Marfan siku chache kabla ya drafti ya NBA ya Juni 2014. Usiku wa drafti kamishna Adam Silver alimwita jukwaani kwa heshima, ukumbi mzima ukasimama. Mwaka 2016 madaktari walimruhusu acheze tena, akaenda kuchezea klabu za nje ya Marekani.

Mwenye Loeys-Dietz hapati jibu hilo kirahisi. Kwa kawaida anaambiwa aachane na michezo ya kugongana na kunyanyua vyuma vizito. Atembee, aogelee taratibu, aendeshe baiskeli bila mashindano. Kijana wa miaka 19 aliyeshapewa namba ya jezi, hakuna daktari atakayemwambia hilo likawa tamu. Ndiyo maana wale jamaa wa kwenye benchi walikuwa wananakili.