Kupanga, kupangisha: karatasi ya nyumba inasema nini?

Mtu wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anayekaa kwenye nyumba ya mwenzake hasemi kila mara kwamba «anapanga». Anasema: «Niko nalipiya nyumba kwa papa fulani». Vijana wanasema: «Niko nalue». Lakini mwenye parsele naye, siku anapotoa anekse yake, anasema: «Nilishaka kulue ile nyumba ya nyuma». Mwenye kutoa na mwenye kuingia, wote wawili neno moja. Tulilitoa katika Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kiko hivyo: «louer» inasemwa na mwenye nyumba, inasemwa na lokatere, na msikilizaji anatafuta mwenyewe nani ni nani.

Kiswahili kinatenganisha. Anayeingia kwa kulipa anapanga, yeye ni mpangaji. Mwenye nyumba anapangisha. Ni sawa na kukopa na kukopesha, na hapo hakuna anayekosea, juu siku ya kulipa deni kila mtu anajua nani alikopa na nani alikopesha. Ni kwa nyumba tu tunachanganya.

Sisi wa sendika tunaona matokeo yake kwenye makaratasi. Mwenzetu mmoja alihamishwa na kampani toka Likasi kwenda Kolwezi. Alileta kwenye biro ya personeli karatasi ya mwenye nyumba wake: «Ndugu huyu amepangisha nyumba hapa Manika kwa miezi 6». Ajenti akasoma, akauliza: kama anapangisha, si ako na nyumba yake? Sasa anaomba lojma ya nini? Dosie ikalala majuma 3. Ilipaswa kuandikwa «amepanga». Herufi 3 zilizozidi, na mama na watoto walibaki Likasi wakingoja.

Lojma si zawadi ya patron. Kode ya Kazi ya tarehe 16 oktoba 2002, katika artikeli 138, inasema kwamba mfanyakazi akihamishwa, ao akiajiriwa mbali na mahali pa kazi, patron anampa yeye na jamaa yake nyumba ya kufaa. Kama hana nyumba ya kutoa, anatoa feza ya kutosha kuipata. Na artikeli 7 inasema feza hiyo haihesabiwi ndani ya mshahara. Kwa hiyo patron anapotuambia «tulishaka kuwaongeza mshahara» na ni lojma tu iliyosogea, tunamwomba aonyeshe mistari yote miwili kwenye buleteni ya malipo. Mshahara ni mshahara, lojma ni lojma.

Kwa nini maneno haya yanatupiga chenga sisi wa migodi kuliko wengine? Wazee wetu hawakupanga. Walikaa kambini. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilijenga kambi kwa wafanyakazi wake, na Gécamines ikaendelea na desturi hiyo kisha nchi kutwaa migodi mwaka 1967. Nyumba ilikuja pamoja na kazi, pamoja na posho na hospitali. Watu walisema «nyumba ya kazi», na hakuna aliyeuliza bei yake kwa mwezi. Lakini nyumba ya kazi ilikuwa na ubaya wake: kazi ikiisha, na nyumba inatikisika. Watu wa Kamalondo, Kenya na Katuba walijua zamani namna ya kusemezana na mwenye parsele. Mtoto wa kambi hakujua. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ile inayoitwa «départs volontaires», na wengi wetu tuliona hapo ndipo maneno garanti na komisionere yalipoingia kwenye jamaa zetu kwa nguvu.

Garanti, tukae hapo kidogo, juu ndilo neno linalokula feza nyingi. Tuseme nyumba ni dolari 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi 3, ni 300. Komisionere aliyekuonyesha mlango anataka mara nyingi mwezi mmoja, ni 100, na zaidi ya hiyo feza ya kutembelea. Mwezi wa kwanza, 100 ingine. Umetoa dolari 500 mbele ya kulala usiku mmoja. Na hiyo ni kwa mwenye nyumba anayefuata sheria, juu sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inakataa garanti ipite miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Tunajua wenye nyumba wanaoomba miezi 6, na wanapata, juu wapangaji wako wengi na migodi inaleta wengine kila mwezi.

Sasa neno lenyewe. Garanti si malipo. Katika Kiswahili safi tungeiita amana: kitu umemwekesha mwenzako, na kinabaki chako. Lakini sikiliza namna tunavyosema. Tunasema «nililipa garanti», kama vile tunavyolipa mkate. Mkate ukilipwa, feza imekwenda. Mwenye nyumba naye anasikia hivyo hivyo. Siku unapotoka na kumwuliza, «Papa, garanti yangu iko wapi?», anakuonyesha ukuta wa parsele: «Njo ile, nilishaka kujengea». Hana aibu, juu ulimwambia wewe mwenyewe kwamba ulilipa. Tungezoea kusema «niliweka garanti», mazungumzo yangeanza mahali pengine.

Juu ya kuogopa hayo, wapangaji wamepata dawa yao: «niko nakula garanti». Maana yake, miezi 3 ya mwisho mtu halipi tena, anakaa tu mpaka garanti inaisha. Tunaelewa kwa nini, na hatuwezi kuwalaumu sana. Lakini garanti iliwekwa juu ya kioo kilichovunjika na bili ya SNEL iliyobaki. Ukiila yote na mlango umepasuka, hapo mwenye nyumba anakudai kwa haki, na watu wa parsele watakuwa upande wake.

Neno kodi nalo lina mtego. Madereva wa kamioni wa Tanzania tunaokutana nao Kasumbalesa wanasema «kodi ya nyumba», na maana yao ni feza ya mwezi anayopokea mwenye nyumba. Kwetu kodi ni ya Serikali. Na kweli iko kodi ya Serikali juu ya nyumba za kupangisha, ile watu wanaita IRL, inayotoka katika mapato ya mwenye nyumba. Wengine wanairusha kwa mpangaji: «Kodi imepanda, ongeza dolari 20». Uliza kwanza ni kodi gani.

Kukodi ni kwa vitu vinavyotembea: gari, kamioni, mashini ya kusukuma maji. Nyumba hatukodi, tunapanga. Mtu pia hatumkodi, ingawa kampani za sutretansi zinazotuma wafanyakazi kwenye migodi zinatufanya tujiulize kama bado tuna haki ya kusema hivyo. Hiyo ni habari ya siku ingine.

Na «mwenye parsele», je? Sheria ya udongo ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Yule papa tunayemwita mwenye parsele ana haki ya kuitumia, na ya kuwa na nyumba juu yake. Kilicho chini kabisa ni cha Kode ya Migodi. Watu wa Kasulo, Kolwezi, waliona hayo kwa macho tangu 2014, wakati mashimo ya kobalti yalipofunguliwa ndani ya parsele, hata ndani ya vyumba. Mwenye parsele alipatana na wachimbaji juu ya sehemu yake. Mpangaji alikuwa amelipa chumba, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba chini ya kitanda watapita watu na taa kichwani.

Kwa hiyo siku hizi, mwanachama akitafuta nyumba, tunamwomba aandike na mwenye nyumba karatasi 2 zinazofanana, kila mtu na yake, na resi kila mwezi. Matata yakizuka, yanapita kwanza kwenye biro ya Habitat ya komine mbele ya kufika tribinali, na pale wanaomba karatasi, si maneno ya kinywa. Karatasi yetu ni fupi: «Mimi, mwenye nyumba, nimepangisha. Yeye amepanga. Bei ya mwezi ni hii. Ameweka kwangu garanti ya miezi 3, nitamrudishia siku ya kutoka, kisha kuangalia nyumba pamoja. Ukuta, milango, vioo na kontere ya SNEL tumeviona leo, na viko hivi.» Chini, tarehe na sinyatiri 2. Mwenye nyumba mmoja wa Dilala alisoma mstari wa garanti, akaufuta kwa biki, akasema hajawahi kuona garanti inarudi. Mwenzetu alikwenda kutafuta nyumba ingine.