Fahamu: Gari jipya la dalali au lililotumika kidogo?

Firq, nje kidogo ya Nizwa, dalali atakuahidi gari jipya kwa bei nafuu. Kwanza muulize: limetengenezwa kwa soko la Ghuba? La soko jingine rejeta yake huenda isimudu joto la Oman, na wakala wa hapa anaweza kukataa dhamana. Likiagizwa kutoka nje ya Ghuba, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 5, kisha VAT ya asilimia 5, iliyoanza Aprili 2021, hukokotolewa juu ya bei pamoja na ushuru huo.

Mimi ningechukua la mwaka mmoja kwa muuzaji mwenye duka: kumbukumbu za sevisi zipo, dhamana haijaisha, na pa kwenda kulalamika unapajua. Usimalize kulipa kabla mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, haijaandikwa jina lako.