Gulashi ya Nyama ya Ng'ombe katika Nyumba ya Kiislamu

Wapo vijana wetu wa Kimandolu wafanyao kazi ya upishi katika mahoteli ya Arusha, nao hurudi nyumbani na mapishi ya kigeni. Wazee wengine huyakataa papo hapo, wakisema, "Hicho ni chakula cha makafiri." Maneno hayo humvunja kijana moyo, wala si hukumu ya sharia. Asili ya vyakula ni halali, illa kile kilichoharamishwa. Basi yatupasa kutazama kilichomo chunguni, si jina la chungu.

Tuchukue mfano wa gulashi, mchuzi wa nyama ya ng'ombe wa watu wa Hungaria. Jina lake latokana na neno lao la mchunga ng'ombe, maana wachungaji ndio walioupika kwanza huko malishoni. Wekundu wake ni wa pilipili hoho iliyokaushwa na kusagwa. Mmea huo asili yake ni bara la Amerika, na wengi wasema uliingia Hungaria zama za Waturuki Waislamu, walioutawala mji wa Buda tangu 1541 hata 1686.

La kuangaliwa ni hili: desturi ya huko ni kukaangia vitunguu kwa mafuta ya nguruwe, na wapishi wengine hutia mvinyo. Hayo yamekatazwa katika Sura Al-Maida, aya ya 3 na ya 90. Yakiondolewa, na nyama ikawa ya mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, haibaki shaka.

Twaa nyama ya mguu kilo 1, vitunguu maji nusu kilo, samli au mafuta ya alizeti vijiko 3, unga wa hoho nyekundu vijiko 3, kisibiti au bizari nyembamba kijiko kidogo 1, vitunguu saumu, nyanya 2, karoti 2 na viazi nusu kilo.

Kaanga vitunguu kwa moto mdogo hata vilainike. Epua sufuria kabla ya kutia unga wa hoho, kwani huungua upesi ukawa mchungu. Koroga, tia nyama, saumu, bizari, nyanya na chumvi, kisha rudisha motoni. Ongeza maji kidogo, funika, uache itokote polepole muda wa saa 2 au zaidi. Mji wetu u juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,400, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Kwa hiyo nyama ngumu hutaka subira kuliko pwani. Ikilainika, tia karoti, viazi na maji ya kufunika, upike hata viive.

Hapo pana sunna isiyofaa kusahauliwa. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke jirani zake. Nyama ni ghali, na kilo moja haitoshi kugawa vipande. Lakini mchuzi huongezeka. Mama ajaze bakuli moja kabla ya kuandaa, ampelekee jirani, hata asiye Mwislamu, kwani naye ana haki ya ujirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na majirani walio radhi nasi. Amin.